Dawa Iliyorudishwa Kwenye Friji

Kila asubuhi Salha ndiye aliyefagia uwanja, akachemsha chai, kisha akamwamsha mdogo wake Idrisa wajiandae kwenda shule. Jumatatu ile hawakwenda. Jino la nyuma la Idrisa lilikuwa limetoboka, na kwa wiki nzima mtoto alikuwa halali. Mama aliwafikisha kwenye kliniki ya meno pale Same mjini, akazungumza na nesi, kisha akawahi sokoni.

Nesi huyo, Sista Maua, aliwaketisha ndani ya chumba cha matibabu. Akawaonya wasiguse kitu, akatoka kumsaidia daktari chumba cha pili.

Juu ya meza palikuwa na bomba dogo la dawa. Salha alilitazama, akatazama dirishani, jua la Same likiwaka kama kawaida yake. Nyumbani kwao dawa ya sukari ya babu ilihifadhiwa kwenye mtungi wa maji, na ole wake aliyeisahau nje. Maskini, akaona dawa ya watu inaharibika! Akalichukua bomba lile, akalitia kwenye friji iliyokuwa pembeni. Akajiona kasaidia.

Ilipita saa nzima ndipo Sista aliporudi. Akawa anapanga vifaa kabatini, amewapa mgongo, huku akimtuliza Idrisa kwa maneno. Alimweleza kwamba dawa ya kuziba jino ameitoa kwenye friji mapema ili ubaridi uishe, kwa sababu ikiwa baridi inakuwa ngumu, haishiki vizuri kwenye kingo. Panabaki upenyo mdogo usioonekana, mate na vijidudu vinapita, na jino linaoza upya chini kwa chini.

Kumbe ndiyo dawa ile ile! Salha akanyata mpaka kwenye friji, akalitoa bomba, akalirudisha mezani. Lilikuwa baridi kama maji ya mtoni kule milimani.

Sista akageuka. “Salha, hujagusa kitu?”

“Sijagusa, Sista.”

Uongo ukatoka wenyewe. Sista akavaa glavu, hakushuku lolote.

Daktari Gideoni aliingia, wakamwamkia. Akamchoma Idrisa sindano ya ganzi, akasubiri, akaanza kuchonga. Mashine ililia. Salha aliogopa kugombezwa, aliogopa fimbo ya mama. Lakini jino lile lilikuwa la ukubwani, likiharibika haliji jingine. Idrisa alikuwa amemkazia macho, machozi yanamtiririka, anamwamini dada yake.

Daktari akanyoosha mkono kulichukua bomba.

“Daktari, usiitie!” Salha akasema. “Ni ya baridi. Niliirudisha kwenye friji, halafu nikamdanganya Sista.”

Daktari alivuta glavu kidogo, akaligusisha bomba kwenye ngozi ya mkono. Akamwangalia Sista, akatikisa kichwa. Alimwekea Idrisa pamba juu ya jino, akaliacha bomba mezani, wakasubiri zaidi ya nusu saa. Idrisa alikaa na pamba yake kinywani, kanuna kwelikweli, na Salha hakuweza hata kumtazama.

Dawa ilipopoteza ubaridi, jino lilizibwa na kumulikwa kwa taa ya bluu mpaka dawa ikakauka. Daktari akapitisha kijichuma pembezoni mwake, hakikukwama popote.

Ndipo akamwita Salha karibu.

“Kuirudisha dawa hukufanya kwa ubaya, ila uliambiwa usiguse,” alimwambia. “Na pale Sista alipokuuliza ndipo ulipokosea zaidi. Ungesema wakati ule, mdogo wako asingekaa na shimo mdomoni muda wote huu. Kugombezwa kunaisha leo leo, mwanangu. Uongo ulioachwa ndani ya jino la mtu ungemla miaka.”

Salha akamwomba Sista radhi, kisha Idrisa. Mama aliporudi na kuuliza kulikoni wamechelewa, Sista alifungua kinywa ajibu, lakini Salha alimtangulia. Alieleza yote yeye mwenyewe, mpaka mwisho.