Midomo Juu ya Maji

Kila asubuhi kabla ya kengele, Adau alipitia nyuma ya shule yao hapo Kakuma kulisha ngege, samaki aliowafuga katika bwawa lake. Bwawa la pembeni, lenye ukubwa uleule, lilikuwa la Lotiir. Kila mmoja alipewa gunia la chakula cha samaki. Atakayevuna samaki wazito zaidi angekabidhiwa mabwawa yote mawili, na Adau alitamani sana kumpelekea mamake kitoweo.

Lakini siku moja Lotiir alichungulia bwawa la Adau mbele ya wenzao, akauliza, "Adau, hizi ni samaki ama viluwiluwi?"

Walicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo, jina lake likawa Viluwiluwi.

"Utaona," Adau aliapa moyoni. Kila jioni, wengine wakicheza mpira, alichota chakula katika gunia la Lotiir akakimwaga katika bwawa lake mwenyewe. Alipowaza samaki wa Lotiir wakikondeana, alisikia raha.

Asubuhi moja aliwakuta ngege wake wameachama midomo juu ya maji. Nyumbani kwao, kwa wafugaji wa ng'ombe, ndama akinyoosha mdomo hivyo, anadai maziwa.

"Bado mna njaa?" Akawaongezea.

Kufikia saa ya uji, baadhi walikuwa wameelea, matumbo juu. Mama Monique, Mkongomani aliyewafundisha ufugaji huo, aliinama akanusa maji.

"Mtoto wangu, hawa hawaombi chakula. Wanatafuta hewa! Chakula kilichobaki kimeoza chini, kimemaliza hewa. Kingi hivi umekitoa wapi?"

Yalihitajika maji safi upesi, lakini mfereji wa shule ulikuwa umekauka. Maji safi yalikuwa kwenye pipa la Lotiir tu, naye alikuwa amesimama hapo hapo.

"Nilichota kwako," Adau alimwambia. "Nilitaka wako wafe njaa."

"Kumbe! Mimi nikilaumu panya." Lotiir alikunja mikono. "Basi waache wafe. Nani viluwiluwi sasa?"

Samaki mwingine alipinduka. Lotiir akamtazama, akasonya, kisha akasukuma pipa. "Chukua maji. Lakini kwa gunia langu usikaribie tena!"

Walimimina kutoka juu ili maji yaingize hewa, yakitoa povu. Polepole midomo ikazama.

Mama Monique alimvua ngege mmoja wa Lotiir. Alikuwa mnene.

"Chakula kilipopungua, Lotiir alitia samadi kidogo ya mbuzi," alisema. "Maji yakawa kijani kwa mwani, samaki wakapata cha kujilisha. Faida hutoka kwa kile samaki anachokula, si kwa kile unachomwaga. Wewe Adau, kwa kulipiza kisasi, umetumia chakula cha mabwawa mawili kuua samaki wa bwawa moja, tena lako. Mabwawa yote atayatunza Lotiir."

Lotiir akaanza kutabasamu.

"Usicheke. Ulimi wako ndio ulioanzisha haya. Utayatunza, na Adau atakusaidia. Na utamwita Adau."

"Adau," Lotiir alisema kwa shida, "lete wavu tuwatoe waliokufa."