Nyumba Aliyoiacha Msusi

"Angalia kichwa, kaka, mlango wa jikoni huo ni mfupi," dalali alionya.

Alikuwa amechelewa. Fundi friji alikwishainama, akapita, akapenyeza mkono nyuma ya kabati la ukutani na kuwasha taa. Swichi hata hakuitafuta.

Mchumba wake alibaki mlangoni ameduwaa. Mtaani walimwita Mkunga, maana ndiyo kazi yake katika zahanati ya mtaa huo huo. Nani anaweka swichi nyuma ya kabati? Na nani anaijua siku ya kwanza tu anapokanyaga ndani?

"Umewahi kuingia humu?"

"Nyumba za zamani zote zinafanana," fundi alijibu bila kugeuka.

Dalali hakuwa na habari, yeye alikuwa anamwaga sifa. "Dada, hapa gari la nini? Soko lile pale. Shule hii hapa. Kazini kwako unakwenda kwa mguu, unarudi mchana kula, unakwenda tena. Ukitaka upepo, kata kichochoro hiki, unakanyaga mchanga wa ufukweni. Na kwa bei hii! Wale wa maghorofa mapya wakiisikia watalia."

Yote yalikuwa kweli. Mkunga aliupenda mtaa ule, kuta zake nene na madirisha yake ya mbao yaliyobabuka rangi, watu wakisalimiana kutoka dirisha hadi dirisha. Kilichomtatiza ni mwenzake. Walikuwa wameshaona nyumba nyingine humo humo mtaani, nafuu zaidi, na fundi akazikataa zote. Leo hata bomba la uani hakulifungulia kuona kama lina maji.

"Ni hii," alisema. "Hii tu."

Walipotoka uani, mama mmoja jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Alimtazama fundi, akasogea, akamtazama tena. Shuka ikamponyoka.

"Wee baba! Ni wewe? Umerudi?"

Fundi alirudi hatua moja nyuma.

"Na mwenzio je?" yule mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Alipatikana?"

Mkunga aligeuka kumtazama mchumba wake. Uso ulikuwa umempauka kama majivu.

*

Dalali aliachwa anafunga milango. Wao walisimama kichochoroni.

"Uliniambia mke wako wa kwanza mliachana."

"Tuliachana kweli. Asubuhi moja. Mimi nikabaki mlangoni, yeye akachukua taulo akaenda kuogelea. Alikuwa msusi, kila siku alikuwa anaogelea kwanza ndipo akafungue saluni."

"Halafu?"

"Taulo likapatikana. Na ndala."

"Na yeye?"

Fundi alitikisa kichwa.

Mkunga akamsogelea. "Miaka yote hii! Kwa nini hukuniambia amekufa?"

"Kwa sababu sikumwona amekufa."

Basi hapo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Ndiyo maana chumba alichopanga fundi hakifungwi kwa ufunguo hata yeye akiwa amelala. Ndiyo maana wakitembea ufukweni anamkagua usoni kila mwanamke anayetoka majini. Yeye Mkunga, masikini, alikuwa amejinunulia wivu wa bure, akidhani bwana ana macho ya tamaa.

"Kwa nini unataka kuinunua nyumba hii?"

"Tulipanga humu. Sasa mwenyewe anaiuza. Akiichukua mtu mwingine ataibomoa, ataigeuza, hata mlango hautajulikana." Akaugusa ukuta wa nyumba. "Akirudi atafikia wapi? Njia anayoijua ni hii."

"Na mimi nitakuwa nani humo? Akibisha hodi nimfungulie, niseme karibu mwenye nyumba, mgeni ninaondoka?"

Fundi aligeuka kuutazama mlango wa ile nyumba.

"Nijibu!"

"Sijui," fundi alisema, na machozi yalikuwa yamemlenga. "Wallahi sijui."

Mkunga akageuka, akaondoka zake.

*

Jioni ujumbe wa fundi uliingia kwenye simu: *Nakupenda. Siwezi kuishi bila wewe.*

Aliusoma amesimama, akaandika: *Kuishi ndiko ninakokutaka mimi. Wewe unataka tukae tunasubiri.*

Jibu halikuja. Kazini alijitahidi, alipokea watoto, alicheka na mama zao. Lakini njia ya kwenda kazini ilikuwa imemharibikia. Siku moja, mchana kweupe, alimwona mwanamke mwenye nywele zinazochuruzika maji akiingia kichochoroni. Akamfuata, akakimbia, akamshika bega.

Kilikuwa kibinti cha shule kimetoka kuogelea. "Shikamoo, auntie?" kikasema kwa mshangao.

"Marahaba, mwanangu. Nimekufananisha."

Amfananishe na nani, na hajawahi hata kuiona picha yake? Mkunga aliegemea ukuta. Ugonjwa wa mwenzake ulikuwa umemwingia na yeye.

Hata kabla hajavuta pumzi, simu ikaita. Namba ngeni.

"Mimi ni mama yake yule msusi," sauti ya mtu mzima ilisema.

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Namba yako nimepewa na jirani, yule mliyemkuta anaanika nguo; ameitoa zahanati kwako. Huyu kijana amekaa hapa mchangani tangu asubuhi, hali, hanywi. Njoo mwanangu. Mimi peke yangu siwezi kumwinua."

*

Aliwakuta wamekaa karibu na maji, mama mkwe na mkwe, jua linawachoma. Akaketi upande wa pili wa fundi. Bahari ilikuwa imetulia, kama haijui lolote.

"Kila ukija kwangu unaniuliza, mama kuna habari?" yule mama alikuwa anasema. "Mahakama ilishatamka kuwa ni marehemu. Mimi nilishamlilia. Halafu unakuja wewe na swali lako, msiba unaanza upya. Nimechoka, baba."

"Nisamehe, mama."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Kama kuna mtu wa kungojewa, si ningengoja mimi?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Naogopa. Siku nikiacha kumngoja, nitakuwa ndiye niliyemzamisha."

"Amechukuliwa na maji. Si wewe." Mama alimshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Sema amekufa."

"Siwezi."

"Basi nitatangulia mimi." Akaigeukia bahari. "Mwanangu amekufa."

Wimbi dogo lilikuja, likarudi.

"Mke wangu amekufa," fundi alisema.

Kilio kilichofuata Mkunga hakuwahi kusikia mfano wake, yeye aliyezoea vilio vya watu wanaoingia duniani. Alimkumbatia, na mama akawakumbatia wote wawili, mpaka fundi akaomba maji ya kunywa.

*

Nyumba ile hawakuinunua. Walipata nyingine mtaa wa nyuma, ndogo, bati linavuja, ufukwe unausikia lakini huuoni. Siku ya harusi, upande wa bwana harusi alisimama mama yake msusi, na aliyemuuliza anahusikaje alijibiwa, "Huyu ni mwanangu. Una swali jingine?"

Ile ya zamani ilichukuliwa na wanandoa vijana. Muda si mrefu baada ya harusi, Mkunga akitoka kazini mchana, alikata kichochoro na kubisha hodi. Mwenye nyumba alitoka na brashi mkononi, rangi mpaka puani.

"Karibu, dada. Ingia ndani."

"Ahsante, siketi. Nina ombi. Utaniona mwehu, lakini nisikilize." Mkunga alishusha sauti, ingawa hakukuwa na mtu. "Siku yoyote akitokea mwanamke hapa, akamuulizia fundi friji, usimfukuze. Mpe maji. Halafu mwelekeze kwetu, mtaa wa nyuma, nyumba ya kona."

"Sawa, dada. Mumeo analijua jambo hili?"

"Hapana. Na asilijue."

"Huyo mwanamke ni nani?"

Mkunga aliutazama mchanga uliopeperushwa na upepo mpaka kizingitini.

"Ni mke mwenzangu," alisema, akaenda nyumbani kupika.