Spea Moja ya Ndugu Wawili

Asubuhi ile Kengeja ilikuwa imetulia. Mvua ya masika ilikuwa imeiosha migomba, moshi wa kuni ulipanda taratibu juu ya mapaa, na wanawake waliovaa kanga mpya walikuwa wakikusanyika mbele ya nyumba ya Jabir Pandu, wakitaniana. Jabir alikuwa na pikapu ya kuchukulia abiria, na siku hiyo alikuwa awapeleke kijiji cha Wambaa kwenye harusi ya mpwa wa mkewe, Mwatum. Hapakuwa na la kutia hofu, ila tairi moja la nyuma lililokuwa limelala chini, halina upepo.

Nisikilizeni vyema, jamaa zangu, maana msiba wa nyumba hii haukuanzia kwenye tairi.

Jabir alifiwa na mamaye kabla ya kutimiza siku arubaini. Jirani yao, Bi Hamdiya, mwenye asili ya Omani, alimchukua akamnyonyesha pamoja na mwanawe Zahran, mmoja huku na mmoja huku, wakawa ndugu kwa sheria ya dini. Walipokuwa watu wazima kila mmoja alinunua pikapu, na kwa kuwa njia zetu masika hugeuka tope, wakayavua matairi madogo yaliyokuja na magari, wakayavisha makubwa. Wakapatana kununua spea kubwa moja tu, ikae kwa Zahran, na atakayepatwa ndiye aichukue.

"Sisi hata ziwa tulishirikiana," Zahran alikuwa akisema, "itakuwa mpira?"

Kisha vikaja vyama vingi. Mmoja akashika bendera hii, mwengine ile. Mnakumbuka tulikofika: watu hawanunuliani dukani, hawazikani, na wengine wakahama msikiti kwa kumchukia aliyesimama mbele. Katika tawi la chama chake Jabir aliapa hadharani kwamba hatapokea kitu cha mtu wa upande wa pili, hata maji ya kunywa, na wenzake wakampigia makofi. Spea kubwa ikabaki kwa Zahran. Chini ya pikapu ya Jabir ikabaki spea ndogo ya zamani.

Bi Hamdiya alikuja na mkoba wake, tayari kwa safari. Wanawe walikuwa hawasemezani, lakini yeye aliingia nyumba zote mbili kama kawaida. Aliyemuuliza alimjibu: "Mimi nilinyonyesha watoto, sikunyonyesha vyama."

Alilitazama tairi. "Nenda kwa nduguyo kachukue spea."

"Ninayo yangu, mama."

"Kile kijitairi cha toroli?"

Wanawake walicheka. Jabir hakucheka. "Mpira ni mpira. Ukiwa na upepo unakwenda."

"N'nakwambia nenda."

"N'shaapa mbele ya watu, mama. Leo wanione nikibisha mlango ule?"

"Na kiapo cha kumkata ndugu umekisoma chuo gani?"

Ng'ambo ya njia Zahran alikuwa amesimama mlangoni kwake. Spea kubwa alikuwa ameitoa nje na kuiegemeza ukutani. Jabir aliiona, na moyoni alijua imetolewa kwa ajili yake. Lakini Zahran hakutamka neno, kwani naye alikuwa na wenzake barazani wanaomtazama. Mmoja alingoja kuombwa, mwengine alingoja kupewa. Jabir akainama, akaifunga ile ndogo.

Pikapu ilisimama imeinama, kama mtu mwenye mguu mfupi. Bi Hamdiya alikataa kiti cha mbele, akapanda nyuma na wenzake ili naye aimbe.

Chini ya nyimbo Jabir alisikia mvumo mwembamba. Mipira miwili ya nyuma isiyolingana kimo haizunguki sawa. Mdogo hukimbia zaidi ili uende na mkubwa, na ndani ya difu, lile bakuli la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, meno ambayo hutofautiana mwendo kwenye kona tu, husagana njia nzima bila kupumzika.

"Mbona panaungua mafuta?" aliuliza mkewe Mwatum, aliyekaa ubavuni kwake.

"Ni breki mpya."

"Jana hazikuwa mpya."

Jabir alikaza mikono. Usukani ulikuwa ukimvuta upande. Angeweza kusimama. Alitazama kiooni akamwona Bi Hamdiya akipiga makofi, akajiambia kuwa kurudi sasa ni kurudi mbele ya macho ya Zahran. Akaendelea.

Penye mteremko unaoshukia bonde la mpunga, difu ilikwama. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likateleza ubavu juu ya udongo mwekundu, likaulalia upande ule uliokwisha kuinama. Nyimbo zilikatika. Likapinduka bondeni.

Wengine walivunjika mikono na mbavu, Mungu akawasitiri. Bi Hamdiya alikuwa chini ya gari. Jabir alichimbua tope kwa vidole akimwita mama, mama. Habari zilipofika Kengeja, Zahran alikuja mbio na pikapu yake iliyojaa wanaume wa vyama vyote viwili. Wakalinyanyua gari kwa pamoja. Lakini roho ya mama ilikuwa imekwisha toka.

Alizikwa alasiri ile. Jabir alisimama nyuma ya watu wote, akiona haya kusogea. Mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu au wa ziwa asioweza kuolewa nao, na Bi Hamdiya hakuwa amezaa mtoto mwengine. Zahran aliingia kaburini, akainua uso, akatafuta katikati ya watu.

"Jabir, shuka," alisema. "Peke yangu simuwezi."

Jabir akashuka. Walimpokea, mmoja kichwani na mmoja miguuni, wakamlaza upande wa kibla. Zahran alilia. Jabir alitaka kulia, machozi yakamkatalia.

MAFUNZO

Anayebadilisha matairi ya gari lake abadilishe na la akiba, na asipoweza, asipakie roho za watu. Hilo ni la gari. La nyumba zetu ni zito zaidi. Bi Hamdiya hakuuliwa na tairi peke yake. Aliuliwa na neno moja ambalo wanawe wawili, kila mmoja kwa upande wake, walilizuia mdomoni. Uchaguzi huja ukapita, lakini udugu alioufunga Mwenyezi Mungu, uwe wa damu au wa ziwa, tutaulizwa juu yake. Kiapo cha kuukata udugu hakitimizwi. Huvunjwa, kikatolewa kafara ya kulisha maskini. Ewe uliye na spea, ipeleke kabla hujaombwa. Nawe uliyepungukiwa, omba, maana haya ya kuomba huisha siku ile ile. Haya anayoishi nayo Jabir haijapata siku ya kwisha.