Babu Aliyekataa Panzi

Siku hiyo Babu alikataa panzi.

Mwingine atasema, panzi tu, kwani nini? Lakini Babu hakuwa wa kukataa panzi. Tuelewane mapema: Babu alikuwa mjusi. Mjusi wa kufugwa, mpana wa kifua, rangi ya mchanga, na chini ya kidevu ana miba laini iliyosimama kama ndevu za mzee. Baharia Uweso ndiye aliyemleta kutoka Dubai, pamoja na sanduku lake la kioo na taa ya kuotea joto, na mtaani kwetu Ngamiani tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sisi huku mjusi anapigwa kandambili na aliyempiga anajihesabia thawabu. Huyu anawashiwa taa!

Sanduku likawekwa ukumbini, karibu na pazia la chumbani. Mwanaidi, binti pekee wa Uweso na mkewe Saleha, akampa mjusi jina kwa sababu ya zile ndevu. Kila asubuhi kabla ya shule aliinama mbele ya kioo: "Shikamoo Babu!" Na baba yake, akiwa nyumbani, alijibu nyuma ya pazia kwa sauti nzito ya kizee: "Marahabaaa." Mtoto alicheka hadi akasahau begi lake.

Kisha Uweso akafia bandari ya ugenini, akazikwa hukohuko. Habari ilikuja kwa simu. Saleha aliipokea akiwa kwenye cherehani, akasema, "Inna lillahi," akamaliza upindo wa sketi ya shule aliyokuwa akiishona. Hakulia. Akakaa eda hadi ikaisha, mwaka ukakaribia kutimia, hakulia. Wanawake waliokuja na vilio vyao tayari walirudi navyo, na mtaani likapita neno kwamba yule ana moyo wa jiwe. Uongo mtupu. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Hata akikata kitunguu macho yalimwasha, lakini machozi hayakutoka.

Sasa turudi kwenye panzi.

"Mama, Babu hataki kula," alisema Mwanaidi.

"Ameshiba."

"Hajala tangu jana."

Saleha hakugeuka kutoka kwenye cherehani. Alijua kilichotokea jana, maana mkono wake ndio uliokitenda.

Jana Mwanaidi alikuwa kitandani anawaka homa. Hospitali walimpima wasione kitu, wakampa dawa ya maji, akaitapika. Kufika adhuhuri macho yake yaligeuka yakabaki meupe. Bi Tausi, jirani wa mlango wa pili, aliingia bila hodi.

"Hii si homa ya hospitali, Saleha mwanangu," alinong'ona. "Mtolee kafara."

"Kuku sina, Bi Tausi."

"Chochote chenye roho kilicho cha humu ndani. Fanya haraka, mtoto anakwenda!"

Chenye roho kilicho cha humu ndani kilikuwa kimoja tu. Saleha akafungua sanduku, akambeba Babu kwa mikono miwili, tumbo lake bado lina joto la taa, akamzungusha juu ya kichwa cha mwanawe. "Lililo juu yake liwe juu yako. Nenda nalo." Babu alitulia tuli. Kabla ya adhana ya alasiri Mwanaidi akaketi, akaomba chai na mkate.

Na Babu akaanza kukataa panzi.

Saleha alimwita bwana mifugo, Lucas, Mbondei mmoja mpole anayetibu ng'ombe wa maziwa na kuku wa mtaani. Kwa nini amwite, na yeye ndiye aliyemtoa mjusi? Moyo wa mtu usiuulize. Babu alikuwa kitu cha mwisho cha Uweso alichobaki nacho Saleha. Lucas alimfumbua mjusi kinywa, akamminya tumbo taratibu, akatikisa kichwa.

"Mama Mwanaidi, nisikudanganye, huyu sikumsomea. Nitamdondoshea vitamini kinywani. Na hili koo, lilikuwa jeusi siku zote?"

Halikuwa jeusi siku zote. Weusi ulikuwa umeanza kwenye ncha za ndevu, na sasa ulikuwa ukishuka.

"Tena," Lucas akanusa, "mnaweka dizeli humu ndani?"

"Hatuweki."

"Basi itakuwa pua yangu."

Haikuwa pua yake. Hiyo ilikuwa harufu ya nguo za Uweso kila alipotoka safari, dizeli ya chumba cha injini iliyokataa sabuni zote. Saleha alimshukuru Lucas, akamsindikiza hadi barazani, akarudi kushona.

Babu alikufa mchana wa jua kali, mtoto akiwa shule. Aliinua kichwa, akaachama kama anavyofanya akiota joto, ndevu zote nyeusi kama masizi ya sufuria. Hakumtazama Saleha. Alitazama nyuma yake, kule pazia lilipo. Kisha akalaza kidevu mchangani. Saleha alisubiri kuhisi kitu. Hakuhisi. Akazima taa, akachomoa waya ukutani, akaenda kumwita Bi Tausi.

Ikawa bahati kwamba Bi Tausi alikuwa na mgeni, kaka yake Mwinyijuma wa Mwera, fundi anayejulikana hadi ng'ambo ya mto Pangani kwa kuyatoa majini yaliyompanda mtu. Alikuja mjini kutibiwa macho hospitali, jicho moja limefungwa bandeji. Msicheke, na waganga nao wana macho. Alimtazama mjusi kwa lile lililobaki, akashusha sauti.

"Alikuwa na jina huyu?"

"Babu."

"Mlimwamkia?"

"Mtoto alimwamkia. Kila siku."

"Lahaula! Kafara hutolewa mnyama, we mama. Huyu mlishamfanya mtu wa nyumbani." Akamgeuza mjusi ubavu. "Lakini limepokewa, mtoto si amepona? Sasa nisikilize. Usimvike sanda, usimfukie. Mtupe baharini maji yakitoka, rudi bila kugeuka. Na usimlilie. Kafara halililiwi. Ukitoa chozi umesema hukuridhika kutoa, na jini mwenyewe aliyepokea atakurudishia chako, achukue alichokitaka mwanzo."

"Mwanaidi?" Sauti ya Saleha ilikuwa kavu.

"Huyo huyo. Yeye mwache alie, hakutoa yeye. Chozi lako ndilo linalongojewa. Mwezi mwingine ukiandama, atakuwa ameondoka na mwezi wake. Hapo lia utakavyo."

"Kulia mimi nimesahau, fundi."

"Basi una bahati," alisema Mwinyijuma. Akafukiza ubani pembe zote za nyumba, akasoma alichosoma, akarudi kwao.

Saleha alimfunga Babu kwenye gazeti, akapanda baiskeli hadi pwani ya Sahare, akamtupa maji yakitoka, hakugeuka. Mwanaidi aliporudi shule akakuta sanduku tupu, alilia hadi kwikwi zikamkaba. Mama yake alimwekea chakula.

"Hukumpenda Babu," mtoto alisema. "Hata baba hukumlilia."

"Kula, mwanangu."

Hakuna aliyemwambia mtoto kwa nini. Ungemwambiaje?

Ilianza mchana, wakati jua liko utosini na mtaa mzima umejifungia ndani. Saleha alikuwa peke yake anashona. Kwaru, kwaru. Akasimamisha cherehani. Kimya. Akakanyaga tena, na kucha zikakwaruza tena kioo, polepole, kama Babu alivyofanya akitaka kutolewa. Alikwenda kutazama. Sanduku tupu. Lakini mchanga aliousawazisha kwa mkono wake ulikuwa na alama za miguu, na katikati yake mburuzo wa mkia, na alipoishika ile taa ambayo waya wake ulikuwa umelala sakafuni mbali na ukuta, ilimuunguza vidole.

Hakumwambia mtu. Alipaka dawa ya meno kwenye vidole, akaendelea na kazi. Uoga nao ulimfika akiwa na ganzi, aliuona uko pale, haukumshika.

Kesho yake ikaja harufu, dizeli na sabuni ya kuogea, nzito kiasi cha kumfanya ainue kichwa kwa mazoea, kama mke anayesikia mumewe kaingia. Keshokutwa pazia likatuna, kama mtu amesimama nyuma yake. Na mchana mmoja, mwezi ukiwa umeshazeeka na kubaki kipande, nyuma ya pazia hilo sauti ikasema kwa upole:

"Saleha. Mbona mimi hukunililia?"

Alikuwa Uweso, kwa sauti, kwa pumzi, hata kwa kile kikohozi kidogo cha kabla ya kusema jambo la aibu, na Saleha alishika ukingo wa cherehani kwa mikono yote miwili maana kitu kilianza kumtembea kifuani, kitu cha kuchomachoma kama mguu uliolaliwa unapoanza kuamka, na sauti ikaendelea bila ukali wowote, ikamwambia kule alikozikwa hakuna amjuaye, ikamwambia walimwosha watu wasiojua jina la mwanawe, ikamwambia hata mjusi wangu umemtoa, Saleha, hata mjusi, nami sikuombi kitu kikubwa, chozi moja tu kutoka kwa mke wangu, nipumzike, na huku kucha zikikwaruza kioo bila kukoma na harufu ikimjaa kooni, yeye anauma upindo wa kanga mpaka meno yakakutana kwenye kitambaa, anaomba ile ganzi aliyoichukia mwaka mzima irudi, irudi tafadhali, hadi mlango wa mbele ukagongwa na Mwanaidi akaingia na begi lake akilalamika kuwa ana njaa.

Pazia likalala. Macho ya Saleha yalikuwa makavu. Lakini ganzi haikurudi.

Siku zilizobaki alizipitisha kwa meno. Alishonea barazani juani, majirani wakimwona kichaa. Kila usiku alimpapasa Mwanaidi paji la uso, likawa la baridi, akamshukuru Mungu. Bi Tausi alimtia moyo kila walipoonana: "Bado kidogo, mwanangu. Mwezi ukionekana mimi mwenyewe nitakuja kukwambia."

Jioni ya kungoja mwezi ilikuja na mawingu. Baada ya magharibi Saleha alimwekea Mwanaidi wali na dagaa ukumbini, akatoka uani kutazama juu. Hakionekani kitu. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, kifua kimemjaa hadi kupumua ni kazi. Ndipo aliposikia upande wa pili wa ukuta sauti ya Bi Tausi, yenye furaha tele.

"Saleha! Umeandama! Lia sasa, mwanangu. Lia upumzike."

Akalia. Yarabi, alilia! Alimlilia Uweso kwa jina lake, akamlilia Babu kwa tumbo lake la joto mikononi, akalilia mikono hiyo, akagaagaa chini pale kwenye saruji, na mwili ulikuwa mwepesi na alihisi raha, naam, raha, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Hakujua amelia kwa muda gani mlango wa uani ulipofunguliwa na mwanga wa simu ukammulika usoni.

"Kulikoni? Nani kafa?" Alikuwa Bi Tausi, mkoba begani, baibui bado mwilini.

"Si umeniambia wewe?" Saleha alifuta pua, karibu atabasamu. "Si umesema mwezi umeandama."

"Mimi?" Bi Tausi akasimama palepale. "Mimi ndio nashuka kwenye bajaji sasa hivi, natoka Chumbageni kwa mwanangu. Mwezi haujaonekana popote, Saleha. Redioni wamesema ni kesho."

Kutoka ukumbini ikasikika sauti ya Mwanaidi, mtoto ambaye tangu Babu afe hakuligusa tena lile sanduku, sauti changamfu ya asubuhi ya shule:

"Shikamoo Babu!"

Na nyuma ya pazia, nzito, ya kizee:

"Marahabaaa."

Saleha aliingia mbio. Taa ya sanduku ilikuwa inawaka, waya wake umelala sakafuni. Mbele ya kioo Mwanaidi alikuwa amelala kifudifudi, ameinua kidevu kuelekea kwenye mwanga, kinywa wazi. Sahani ya wali ilikuwa pembeni, haijaguswa.

"Mwanangu, mbona hujala?"

"Sitaki."

Saleha akapiga magoti, akamwinua uso. Chini ya kidevu ngozi ilikuwa nyeusi, kidogo tu, ukubwa wa alama ya kidole. Akadhani ni doa la masizi. Akalifuta kwa ncha ya kanga, akaitia mate akafuta tena, halikutoka, na machozi yake yakawa yanamdondokea mtoto kooni moja baada ya jingine, na nyuma yake Bi Tausi anamwambia kwa sauti iliyokauka, nyamaza, Saleha, nyamaza mwanangu, nakuomba nyamaza, naye anataka kunyamaza kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, ila machozi yaliyokataa kutoka mwaka mzima sasa yalikataa kukoma.