Nitunzie Taa Yangu

Jua lilikuwa linazama nilipofika bungeni na kambare wa kukaanga kwenye mfuko wa karatasi. Dada yangu Ardelia alikuwa amenipigia simu kinyozini: kikao cha mwisho kinarefushwa, njaa inamuuma, na mkahawa wa pale umebaki na mikate mikavu. Nikamwacha mteja na nusu ya ndevu. Dada ni dada, na huyu wangu alikuwa mbunge wa jimbo, wa kwanza katika ukoo wetu tangu wazee wetu waletwe Kusini hii ya Marekani bila kuulizwa.

Kiti alikirithi kwa Mheshimiwa Royce Tarpley, muumini mwenzetu wa kanisa moja, aliyekikalia tangu mimi navaa kaptura hadi alipokufa majira ya baridi. Nitamsema vibaya marehemu, Mungu anisamehe. Alikuwa mlafi. Kiwanda cha kuku kilimlisha, naye akakiacha kimwage damu na matumbo kwenye kijito chetu cha Sallow. Kwetu ukifungua bomba, maji yananuka manyoya yaliyochemshwa. Junella, mjukuu wa Ardelia, anaoga maji hayo, na mgongo wake wote ni vidonda. Ni mgongo ule uliomtoa dada yangu jikoni akagombee. Jioni hiyo muswada wa kukizuia kiwanda ulikuwa unapigiwa kura, na kila mtu alijua kwamba kura moja tu ingeamua.

Wabunge walikuwa mapumzikoni, kwa hiyo bawabu aliniachia nikaingia hadi mezani kwa dada. Alikuwa amesimama, anajinyoosha mgongo.

"Kaa hapo kwangu," akasema huku anafungua mfuko. "Onja kiti cha kodi yako."

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto, ingawa dada alikuwa amesimama muda mrefu. Nikapitisha mkono chini ya meza ili nijivute mbele.

Vidole vikazama.

Kitu laini... kimelowa. Nikainama kuchungulia. Zilikuwa bigijii. Bigijii zilizotafunwa, zimebandikwa moja juu ya nyingine miaka na miaka hadi zikafanya uvimbe wa kijivu, alama za meno zimo bado. Na ile niliyoishika ilikuwa na joto la mdomoni.

"Za mzee Tarpley hizo," Ardelia akasema, shavu limejaa kambare. "Alikuwa anatafuna kutwa. Wasafishaji wameshindwa nazo."

"Dada, hii ni mbichi."

"Hebu acha kinyaa chako, Leotis. Wewe si ndiye unayeshika mba za watu?"

Nikajifuta kwenye suruali. Nikajifuta tena. Harufu ilibaki vidoleni: mnanaa, na chini ya mnanaa kitu kilichooza. Mavi ya kale hayanuki, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa pale.

Kengele ikalia. Nikapanda roshani ya wageni.

Bunge letu lina desturi yake. Kila meza ina kitufe cha kijani cha ndiyo na chekundu cha hapana, na taa ya kila mbunge inawaka kwenye ubao mkubwa mbele. Ukibanwa na haja, unamwambia jirani, "Nitunzie taa yangu," naye anakubonyezea. Kanuni inakataza, lakini wote wanafanya, hata Spika anajua.

Muswada ulipoanza kusomwa, nilimwona dada anaziba pua. Halafu mdomo. Akainuka ghafla, uso umesawijika, akaelekea msalani. Roshani iko juu ya meza yake, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Alisema bila kugeuka:

"Nitunzie taa yangu. Kijani."

Na kuna aliyeitikia. Taratibu... mdomo umejaa.

"Ondoa shaka, binti."

Nikainama kwenye ukingo nimwone ni nani. Kiti cha jirani yake, Mheshimiwa Bascom, kilikuwa kitupu. Cha dada kilikuwa kitupu.

Nyam... nyam... nyam...

Mto wa kiti chake ukabonyea. Kitufe chekundu kikashuka. Chenyewe. Kilipopanda kilikuwa kimelowa, na uzi wa ute ukavutika kutoka pale hadi hewani, ukakatika.

Taa ya dada yangu ikawaka nyekundu.

Nikapiga kelele. Askari akanidaka bega. Spika akagonga nyundo: muswada umeanguka, kwa kura moja.

Nilijichomoa, nikashuka ngazi mbiombio. Koridoni nikamkuta Mheshimiwa Bascom anatoka msala wa wanaume, bado anahangaika na zipu.

"Mheshimiwa, ni wewe uliyembonyezea dada yangu?"

"Mimi? Mimi nilikuwa huku, kijana, si unaniona?" Kisha akanitazama vizuri, sauti ikashuka. "Alisemaje?"

"Alisema, nitunzie taa yangu."

"Alitaja jina langu?"

"Hapana."

"Yesu wangu..." Akaangalia nyuma. "Humu ndani ni lazima utaje jina. Tulisahau kumwambia. Ukisema hovyo hovyo, anaitikia aliye karibu."

"Aliye karibu ni nani?"

"Usinitajishe. Watu wanasema aliposhinda mara ya kwanza alikwenda kwa bibi mmoja wa dawa za mizizi, akaomba asitoke kitini. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba siku ya mazishi yake tulikwangua ule uchafu wote chini ya meza yake. Kesho yake tukaukuta umerudi." Akanishika mkono, kiganja chake kibichi. "Sikiliza. Kanuni inamruhusu aliyekuwa upande ulioshinda kuomba kura irudiwe, kabla kikao hakijafungwa. Taa ya dada yako ni nyekundu, kwa hiyo anaweza. Mwambie asimame. Wawili watatu tutabadilika, tunaona haya."

Nilimdaka Ardelia mlangoni mwa msala wa wanawake, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alilia kidogo. Kisha akapangusa uso kwa mkono wa blauzi.

"Nitasimama," akasema. "Bibi wa Junella ni mimi, siyo yeye."

Nilibaki mlangoni mwa ukumbi. Alifika mezani, hakukaa, akashika maikrofoni.

"Mheshimiwa Spika, kuhusu muswada wa kijito cha Sallow..."

Bascom akaniitikia kwa kichwa.

"...napenda tu kusema kwamba nimeridhika na kura yangu."

Juu roshani mabwana wa kiwanda wakapiga makofi. Mmoja akamrushia busu. Walikuwa na mashavu mekundu, yaliyoshiba, na nilitamani niwatapikie.

Kwenye gari dada alikuwa mchangamfu, anapiga dashibodi kwa kiganja.

"Umeona nilivyowabana? Haya, kura inarudiwa lini?"

"Dada. Ulisema umeridhika."

"Usinitanie, Leotis."

"Sikutanii."

Akanigeukia. "Nilisema irudiwe. Nilijisikia kwa masikio yangu nikisema irudiwe."

Nikaendesha hadi nyumbani. Shangazi Oveta alikuwa jikoni, redio ilishamfikishia habari, na hakufoka. Junella alimkimbilia bibi yake, akampanda mapajani, kigauni kimegandana na mgongo. Nilimsimulia Shangazi kila kitu, hadi ule ute. Alisikiliza huku ameshika kifua.

"Basi ondoka kwenye kiti hicho, mwanangu," akamwambia Ardelia. "Heshima gani hiyo ya kukalia jasho la maiti? Jiuzulu. Piga simu sasa hivi, sote tusikie."

Ardelia akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamchuruzika hadi shingoni. Alitaka, naapa alitaka, kila mfupa usoni mwake ulikuwa unasema ndiyo. Akamkumbatia mtoto, akafungua mdomo.

"Nagombea tena," akasema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile tamu ya majukwaani. Akashtuka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akatutazama sisi wawili juu ya vidole vyake.

Shangazi Oveta akainuka. Akamwendea taratibu, akamtoa mtoto mapajani mwake.