Dada Yangu Aligoma Kuukanda Mguu Wangu

"Toka! Mguu huo siushiki!"

Jamani, huyo ni dada yangu. Tumbo moja, ziwa moja! Ninavyomjua mimi ni mkandaji, watu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake. Leo kaka mtu nimelala sakafuni, mguu wa kushoto umevimba kama mto wa kulalia, unawaka moto, umeanza kuwa wa bluu... halafu ananifokea kama mwizi!

"Dada, nikande kidogo tu. Nimekaa sana kwenye lori."

"Nimesema siushiki!"

"Umewakanda hata wasiokusalimia, mimi nduguyo unanitupa?"

"Mzururaji wewe, nyamaza! Teksi inakuja."

Akanigeuzia mgongo. Wasomaji wangu, nimelala stendi, nimefukuzwa na mbwa kwenye nchi za watu... hakuna kilichoniuma kama ule mgongo.

Hospitali, daktari wa upasuaji aliutazama mguu, uso ukambadilika.

"Mzee, damu imeganda ndani ya mshipa, toka kwenye shavu la mguu mpaka kinenani. Dawa peke yake haitawahi. Tusipoitoa leo, mguu unakufa."

"Ukateni tu, nimeshatembea vya kutosha."

"Hatuukati, mzee. Tunauokoa."

Wakanipasua kidogo kinenani, wakapitisha mrija mwembamba wenye kipira nchani, wakavuta... Muuguzi aliniambia yalitoka mapande meusi kama maini!

Kesho yake mguu ukarudi kuwa mguu. Dada akaja, akakaa mbali na kitanda, mikono kaificha kwapani.

Nikamchoma. "Umekuja kumtazama uliyemfukuza? Na shemeji naye kagoma kuja?"



"Shemeji yako tumemzika, kaka. Tulikutafuta, hukupatikana."

"Eh! Aliumwa nini?"

"Mguu. Kama wako."

Dada akaendelea:

"Nilipapasa shavu la mguu wake, nikakuta fundo. Nikadhani ni msuli umekaza. Nikalibonyeza mpaka likapotea... Akacheka, akasema, 'Mke wangu, mikono yako dawa!' Kusimama tu, akashika kifua. Lile fundo lilikuwa damu, kaka! Lilikimbilia kwenye mapafu. Tangu siku ile sijamkanda mtu."

Muuguzi akaingia na soksi ndefu ya kubana.

"Mama, msaidie mgonjwa kuvaa. Taratibu, usimkande."

Dada akaitoa mikono kwapani, akaitazama.

"Njoo, dada," nikamwambia. "Nivalishe."

Alinivalisha machozi yakimdondokea unyayoni kwangu. Nami nililia, mzee mzima!

Wapendwa, mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma, ukawaka moto, msiukande. Kimbieni hospitali.

Na wewe uliye mbali na kwenu, piga simu. Mimi mpaka nilipoletwa na mguu mbovu, ndipo nikajua dada yangu ni mjane.