Bwana Harusi wa Mlima wa Pumba

Jumamosi asubuhi soko la Ng'ambo halina pa kukanyaga. Bertila Viktori alikuwa ametoka duka la vifungo, zipu za wateja wake mkononi. Gauni lake la kitenge cha kijani alilishona mwenyewe, na kilemba kilikuwa cha kitambaa hichohicho. Ghafla akahisi kichwa kinavutwa nyuma. Kilemba kilikuwa kimenaswa na ncha ya ubao, na ubao ulikuwa begani kwa mwanamume mrefu, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, anayejiendea zake bila habari huku kilemba cha mtu kikipepea nyuma yake.

"We kaka! Kaka wa mbao! Simama!"

Mwanamume akageuka, na mkia wa ubao ukafagia fungu la nyanya la mama mmoja aliyekaa chini. Mama akaanza kulaani.

"Samahani mama. Samahani dada. Sikukuona."

"Utanionaje na wewe umebeba mlango?"

"Si mlango huu. Ni skii."

"Ndiyo nini?"

"Ya kutelezea. Unavaa miguuni, moja huku, moja huku, unashuka mlima wa theluji."

Bertila akatazama jua la Tabora, mwezi wa nane, vumbi limesimama hewani. "Theluji ya wapi, kaka yangu?"

"Hatuna, ndiyo. Mimi nitatumia pumba za mpunga," alisema yule mwanamume, kama mtu anayezungumza jambo la kawaida. "Nzega kuna kilima cha pumba nyuma ya mashine ya kukoboa, kirefu kupita paa la kanisa."

Wauza nyanya wakacheka. Hapo ndipo Bertila angechukua kilemba chake akaenda zake nyumbani Cheyo, na yote yaliyofuata yasingemkuta. Lakini alikuwa fundi cherehani, na jicho la fundi halina adabu. Aliutazama ule ubao juu hadi chini.

"Hauna kiuno," akasema.

"Eti?"

"Umenyooka tu. Kitu cha kugeuka kinataka kiuno. Gauni lisilo na kiuno, mwenyewe akigeuka, lenyewe linabaki."

Yule mwanamume akaulaza ubao chini palepale katikati ya watu, akachomoa penseli sikioni, akapiga magoti. "Nipunguze kiasi gani?"

Jina lake Silasi. Na mapenzi yao yalianza kwa kosa la Bertila mwenyewe, maana nani alimtuma kusema?

Silasi alikuwa fundi mzuri. Milango yake ilifungwa bila kelele, vitanda vyake havikulia. Alikuwa mpole, anamsalimia mama yake Bertila kwa kuinama, anamletea asali ya msituni bila kuombwa. Lakini ukikaa naye nusu saa, mazungumzo yanarudi kwenye mbao.

Jozi ya kwanza aliichonga kwa mninga. Ilipendeza hata ungeweza kuiweka sebuleni, ila ilikuwa nzito kama jeneza, na Nzega ilizama kwenye pumba pamoja naye hadi kiunoni. Ya pili aliifanya kwa msufi mtupu. Ilikuwa nyepesi kweli, lakini ikakatika chini ya mguu kama muhogo. Ya tatu ndiyo ilimla akili.

"Sikiliza, Berti. Ndani msufi, iwe nyepesi. Pembeni vipande vyembamba vya mninga, isivunjike. Juu ufito wa mwanzi, irudi ikipindwa. Chini nimebandika plastiki ya tanki la maji lililopasuka, iteleze."

"Na kitanda chetu ulichoniahidi?"

"Chini ya mguu iwe ngumu, huku nchani iwe laini. Kiuno kama ulivyosema. Katikati imeinuka kidogo, unaona? Na ncha zote mbili zimepinda juu, mbele na nyuma, kwa hiyo unaweza kushuka kinyumenyume!"

"Nani anataka kushuka kinyumenyume, Silasi?"

"Si kutaka, mpenzi. Ni kucheza. Skii nzito inakupeleka inakotaka yenyewe. Hii ukiiambia ruka, inaruka."

Juu ya kila ubao alikuwa amepigilia katambuga, kile kiatu cha tairi, chenye mikanda ya kukaza. Bertila aliinua ubao mmoja kwa mkono mmoja, akashangaa ulivyo mwepesi, akaurudisha chini haraka asije akaonekana ameshangaa.

"Mtu mzima," akasema, "fundi wa watu, unatengeneza kitu cha kuchezea."

"Kitanda natengeneza kila wiki, Berti. Vyote vina miguu minne."

Hata hivyo barua ya posa ilikuja, ikapokelewa. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, kwa kuwa Kwaresima parokia haifungishi ndoa, na kusubiri hadi baada ya Pasaka mama yake Bertila, Mama Rosalia, hakutaka kusikia. Mafundisho ya ndoa yalitenganishwa. Mabibi harusi walifundishwa na akina mama Alhamisi, na mabwana harusi walifundishwa Jumanne na katekista mgeni, Mwalimu Gervasi, aliyehamia pale mwezi uleule. Kila Bertila alipouliza, Silasi alijibu, "Mafundisho yanakwenda vizuri sana."

Jumapili ya tangazo la kwanza Silasi hakuwepo kanisani. Alikuwa Nzega tangu juzi, amepeleka milango kwa mwenye mashine. Bertila alikaa na mama yake benchi la tatu, gauni jeupe lenye madoadoa ya bluu, viatu vipya vinambana. Mwalimu Gervasi akafungua daftari.

"Tangazo la kwanza. Wanatarajia kufunga ndoa Bertila Viktori wa Cheyo, na Tobias Kasala wa Ng'ambo."

Mama Rosalia akamgeukia binti yake polepole. "Tobias ndiye nani?"

Tobias alikuwa binamu yake Silasi, anachonga naye, na saa ile alikuwa kwenye kwaya, amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Misa ilipokwisha Bertila alimkamata nje karibu na kisima, bado amevaa joho.

"Shemeji, nisikilize kwanza."

"Usiniite shemeji. Kanisa zima linajua mimi mchumba wako."

"Mimi nimepokea posa ya nani?" Mama Rosalia alifoka. "Nyie vijana, nimepokea posa ya nani?"

"Mama, kaka alisema nimwakilishe tu. Si kama vikao vya harusi? Mtu akikosa nafasi anatuma ndugu yake anamsikilizia. Nikajua ni hivyohivyo."

"Ukamwambia Mwalimu kwamba wewe ni mwakilishi?"

"Hakuuliza hilo. Aliuliza jina, nikasema Tobias. Nidanganye jina kanisani, mama? Akauliza bibi harusi nani, nikamtaja Bertila. Akataka cheti cha ubatizo..." Tobias akakunja pindo la joho. "Nikampa changu."

"Umekwenda mara ngapi?"

"Jumanne nne."

"Nne!"

"Na maswali yote nimejibu," alisema Tobias kwa sauti ndogo, lakini kifua kikiinuka kidogo. "Mwalimu alisema hajapata bwana harusi makini kama mimi."

Bertila akapiga simu Nzega hapohapo. Upepo ulivuma masikioni.

"Mpenzi! Nimegeuka mara tatu bila kuanguka!"

"Silasi, nimetangazwa kanisani na Tobias."

"Mwambie asisahau kufunika mbao, mvua inaweza kurudi. Halafu Berti, ile sehemu ya kiunoni, kumbe..."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga jioni, haipatikani. Jumatatu kutwa, haipatikani. Jioni ile Paroko aliwasikiliza Bertila na mama yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Tangazo moja limeharibika, alisema. Anaweza kuwasamehe hilo moja, lakini amwone huyo Silasi kwa macho yake kesho, kabla ya saa kumi jioni. Keshokutwa alfajiri anakwenda mafungo hadi Jumamosi. Asipomwona, ndoa ni baada ya Pasaka.

"Baada ya Pasaka," Mama Rosalia alisema njiani, "posa nitairudisha. Mwanamume anayetuma mtu kanisani, kesho atatuma mtu alale nyumbani kwako."

Kilichomuuma Bertila ni kwamba mama yake hakukosea.

Jumanne alipanda basi la kwanza la Nzega. Mashine ya mpunga siku hiyo ilikuwa imezimwa isafishwe, na nyuma yake kilima cha pumba kilisimama rangi ya dhahabu, kikavu, maana mvua ilikuwa imekata wiki ya pili. Mwenye mashine, Mzee Jilala, alikuwa amekaa kivulini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umekuja kumtoa?"

"Nimekuja kumtoa."

"Mtoe. Wachungaji hawachungi tena, wanakuja hapa kumtazama."

Silasi alikuwa kileleni, bukta na fulana, kitambaa usoni kuzuia vumbi. Bertila akaweka mikono mdomoni aite. Kabla hajaita, Silasi alishuka.

Hakuzama. Mbao zilielea juu ya pumba kama hazina uzito, ncha zikachungulia mbele, pumba zikaruka pembeni kama maji. Akaegemea kushoto, mbao zikaenda kushoto. Akaegemea kulia, zikamfuata, na pale kiunoni, palepale aliposema Bertila, ndipo zilipogeukia. Katikati ya mteremko aliruka, akazunguka hewani, akatua kinyumenyume, akaja hivyo hadi chini akiwa hatazami anakokwenda. Kifuani mwa Bertila kitu kiliruka pamoja naye. Hilo lilimkasirisha kuliko yote.

Silasi akasimama kwa kishindo, pumba zikamwagika juu ya gauni lililopigwa pasi.

"Berti! Umeona?"

"Unataka kunioa au hutaki?"

Akashusha kitambaa. "Nataka. Kuna nini?"

"Kanisa zima linajua ninaolewa na Tobias. Mwalimu anajua hivyo. Majirani wamempongeza mama. Tobias amefaulu mafundisho, wewe umefaulu pumba. Kwa nini ulinitumia mtu?"

Silasi alikaa chini kwenye pumba, akaanza kulegeza mikanda ya katambuga, ukanda mmoja mmoja, muda mrefu.

"Jumanne ya kwanza nilifika hadi dirishani," akasema. "Mwalimu alikuwa anasema, ukishaoa, michezo basi. Nikarudi. Nikasema nitamalizia hizi mbao kabla ya harusi, halafu nitazipandisha darini, nisiziguse tena. Na Mzee ananiruhusu Jumapili na Jumanne tu, mashine ikizimwa. Nikamtuma Tobias."

"Mimi uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Miezi sita unaniambia msufi, mwanzi, plastiki ya tanki. Hili moja ukashindwa kuniambia?"

"Niliogopa utasema Mwalimu amesema kweli."

Bertila akajipangusa pumba begani kwa hasira, zikahamia kwenye nywele. "Inuka. Basi la saa saba, Padri anataka kukuona kabla ya saa kumi. Hizo mbao ziache kwa Mzee."

Silasi aliziegemeza ukutani, akazitazama mara moja tu, akamfuata.

Saa tisa na nusu walikuwa ofisini kwa Paroko, wote wawili wananuka mpunga. Paroko alimtazama Silasi, akamtazama Mwalimu Gervasi aliyekuwa bado haamini kwamba bwana harusi wake makini si bwana harusi. Akatoa sharti moja. Mafundisho yote manne ayasome mwenyewe na Mwalimu wiki hiyo, na Jumapili, kabla ya tangazo, asimame mbele ya waumini awaeleze mwenyewe. Asimtume mtu.

Jumapili Silasi akasimama. Suti ya kijivu, mikono haijui pa kukaa. Alieleza yote, Tobias, cheti cha ubatizo, kilima cha pumba, hadi plastiki ya tanki. Kanisa lilicheka hadi watoto wakaamka. Bertila alijifunika khanga, akisema moyoni, Mungu wangu, sasa anaeleza na mwanzi, mwanzi wa nini kanisani?

"Nilituma mtu akasikilize maneno niliyopaswa kuyasikia mwenyewe," Silasi alimaliza. "Namwomba radhi Bertila, na mama."

Ndipo Mwalimu Gervasi akasoma, safari hii akilitazama jina mara mbili. "Bertila Viktori na Silasi Sayi. Mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii, aseme."

"Mimi," alisema Bertila.

Kicheko kikakatika. Mama Rosalia alimvuta khanga, akaachia. Bertila alikuwa amesimama, sauti ya mtu aliyechoka kabisa.

"Padri, zile mbao darini haziendi. Mwanamume akae na mimi miaka yote akitazama dari? Na mimi sisimami tena chini ya kilima nikipiga kelele. Atengeneze jozi nyingine, ya kwangu, kabla ya harusi. Na kitanda."

Paroko aliangalia daftari kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Hicho si kizuizi, mwanangu," akasema. "Kaa."

Bertila akakaa. Mama yake akamfinya paja, kwa nguvu. Kule mbele Silasi alikuwa bado amesimama, amesahau kurudi kwenye benchi, anamtazama Bertila kuanzia nyayoni hadi kidevuni, midomo ikihesabu kimyakimya, maana mbao za namna ile hukatwa kwa kimo cha mwenyewe.